Mshiriki Namba Saba

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza kuisimulia habari hii nilikuwa kwa kinyozi, benchi limejaa watu, nikanogewa. Nikasema kuna mhadhiri asiyemwamini Mungu, kamfelisha binti wa watu kwa sababu ya dini yake. Benchi zima likaguna. Kinyozi akazima mashine, kichwa changu kimenyolewa upande mmoja. Kumbe habari nilikuwa nimeisikia nusu, na hiyo nusu nimeielewa kichwa chini miguu juu. Mhadhiri mwenyewe anaimba besi kanisani kwake mwaka wa ishirini na saba huu, na binti hakufelishwa na mtu. Basi benchi lile liniwie radhi. Naianza upya, polepole.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Binti ambaye baba yake anamwita Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na egemeo, mbele ya msimamizi wa tasnifu yake. Wanafunzi walimpa msimamizi huyo jina la Daktari Wino, kwa sababu kazi iliyoingia kwake nyeupe ilitoka nyekundu. Dirisha la ofisi yake lilikuwa halifungiki vizuri, na kila upepo ukipita karatasi zilitaka kutoroka, kwa hiyo alizikalisha kwa vitu: kikombe, stepla, tufaha moja, na kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema. "Nisomee mwenyewe."

Profesa akasafisha koo. "'Kikundi kilivunjika kwa sababu ya mtu kung'ang'ania kuomba mbele ya wageni.'"

"Endelea. Soma na kilichomo kwenye mabano."

"'Mungu, mawasiliano binafsi, tarehe tatu mwezi wa pili.'"

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba shida ilikuwa kwenye kioo. "Mawasiliano binafsi ni pale mtafiti anapoongea na mtu ana kwa ana, au kwa simu, au kwa barua. Wewe ulitumia njia ipi?"

"Alisema na mama, daktari. Mama akaniambia mimi."

"Kwa hiyo hata binafsi si binafsi. Imepitia kwa mtu."

"Niliogopa kuandika mama peke yake. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba kutumia maneno ya mtu bila kumtaja mwenyewe ni wizi."

"Nilifundisha hivyo?"

"Wiki ya pili, daktari. Ukasema hata kama mwenye maneno ni mkubwa kiasi gani."

Daktari akatazama dari kama anayemtafuta huko aliyemponza.

Utafiti wa Profesa ulikuwa juu ya kwa nini vikundi vya maombi vya akina mama huvunjika. Alikuwa amechukua kikundi cha mtaani kwao, ambacho mwaka uliopita kilipasuka vipande viwili, sita huku na sita kule. Kipande kimoja kiliomba Jumanne kwenye chumba cha cherehani cha mama yake. Kingine kiliomba Alhamisi dukani kwa Mama Mapazia, muuza mapazia aliyekuwa shoga wa mama yake mpaka siku ya mpasuko. Profesa aliwahoji wote kumi na wawili na kuwapa namba badala ya majina, kama kanuni inavyotaka. Mama yake alikuwa namba saba. Mama Mapazia alikuwa namba nane.

"Na hawa wengine kumi na mmoja," Daktari akafunua ukurasa, "wote wanasema kilichowavunja ni shetani."

"Wote, daktari."

"Umempa nafasi ya kujibu?"

"Nani?"

"Mtuhumiwa."

Profesa hakujua kama ni mzaha. Uso wa Daktari Wino ulikuwa umekaa vilevile, kama wa mtu anayesoma ratiba.

"Sikiliza," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya upole. "Sura yako ya nne imebebwa na sentensi hii moja. Ukiitoa, unabaki na shetani peke yake, na hiyo haitoshi kumpa mtu shahada. Ukiiacha, mwenye maneno aisaini fomu ya ridhaa kama washiriki wengine. Halafu utawasomea matokeo wote kumi na wawili, na wote wasaini kwamba wamesikia. Niletee Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Saa sita msajili anafunga orodha ya wahitimu, na asiyekuwemo anangoja mwaka mzima."

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imemwahidi Profesa kazi na kumwekea kiti mpaka mwisho wa mwezi, kiti chenyewe alikwishakiona, kina magurudumu. Wasingekiweka mwaka mzima.

"Daktari, siku niliyopata nafasi ya chuo nilisimama kanisani nikaahidi. Nilisema kila nitakachoandika, sifa zitarudi kwake. Mama alilia mpaka leso ikabidi ikamuliwe. Sasa nikimtoa kwenye marejeleo, si nitakuwa nimemkana?"

"Kuna ukurasa wa shukrani. Mweke huko, kwa herufi kubwa ukipenda. Huko hatumdai mtu fomu."

Profesa alikwishazisoma kurasa za shukrani za waliomtangulia. Mungu alishukuriwa kwenye mstari mmoja na mwenzao wa chumbani na kaka wa fotokopi. Aliona ni kama kumtoa mgeni rasmi meza kuu ukamkalishe karibu na mlango.

*

Nyumbani alimkuta mama yake kwenye cherehani, na miguu ya baba yake ikichungulia chini ya sinki la jikoni. Baba alikuwa fundi bomba. Sinki hilo lilikuwa linavuja mwezi wa nane sasa, kwa kuwa halikuwa kwenye orodha ya wateja.

"Wanataka umfute Mungu?" Mama akatoa mguu kwenye kanyagio.

"Hawataki nimfute, mama. Wanataka asaini."

Chini ya sinki kitu kiligonga chuma, kikafuatiwa na kicheko, halafu baba akasema, "Aa, kichwa changu."

"Hebu lete hiyo fomu," akasema mama. Alikuwa mwanamke wa vitendo. Suruali ikirudishwa kwa kuwa ndefu hakubishana na mwenye suruali, alikata. Akavaa miwani, akachukua kalamu. "Jina la mshiriki. Hilo si tatizo." Akaandika. "Umri. Nitaweka, wa milele."

"Kuna visanduku, mama. Kumi na nane mpaka thelathini na tano, thelathini na sita mpaka sitini, zaidi ya sitini."

"Zaidi ya sitini," ikatoka sauti chini ya sinki.

Mama akaweka alama. "Kiwango cha elimu. Anajua yote."

"Kisanduku cha juu kabisa ni chuo kikuu."

"Weka 'mengineyo'," akasema baba. "Kazi yake je? Muumba. Hapo hakuna wa kubisha, fomu yenyewe imetokana na mti."

"Wewe tengeneza bomba. Makazi. Mbinguni."

"Wanataka mtaa na kata, mama. Na namba ya nyumba."

"Basi andika, yuko kila mahali."

"Nafasi ni ndogo, haitoshi."

"Ndiyo, yuko kila mahali isipokuwa kwenye hiyo nafasi," akasema baba, na mama akalirushia sinki kipande cha chaki ya kupimia nguo.

Fomu ikajaa vizuri mpaka chini kabisa, palipoandikwa sahihi ya mshiriki au alama ya dole gumba. Hapo kalamu ikasimama hewani. Baba akajiburuta akatoka, akafuta mikono kwenye suruali, akaja kuchungulia begani kwa mkewe. Wakaitazama ile nafasi tupu, wote watatu, na hakuna aliyecheka.

"Nipeni siku moja," mama akasema hatimaye. "Kesho naenda mwenyewe kuongea na huyo daktari wenu. Ni mtu mzima, ataelewa."

*

Jumanne mama alivaa suti yake ya ibada, akafuatana na wenzake wawili wa maombi, na Profesa nyuma yao akitamani ardhi impe nafasi ya kujificha. Mlinzi wa getini aliwauliza wanakwenda wapi. Mama akasema kwa Daktari, kabla Profesa hajafungua mdomo, na mlinzi mwingine mwenye baiskeli akawaongoza kwa heshima zote hadi zahanati ya chuo. Walikaa huko nusu saa. Mmoja wa wale wenzake alipimwa shinikizo la damu, akaambiwa apunguze chumvi.

Walipofika kwenye jengo lenyewe, Daktari alikuwa bado darasani, wakangoja ukumbini. Wakaona wasikae bure, wakaanza kuomba kwa sauti. Walikuwa wamefika pale pa kuomba milango yote ifunguke ndipo mmoja ukafunguka kweli, na kijana akatoa kichwa, kalamu sikioni.

"Samahani, mama zangu. Humu tunafanya mtihani."

"Ndiyo maana tunaomba, mwanangu," akasema mama. "Rudi ukaandike."

Daktari Wino alipofika aliwaamkia wote kwa zamu, akawapa viti. Viti vilikuwa viwili, kwa hiyo mwenzao wa tatu, yule wa chumvi, alikalia boksi la tasnifu za zamani. Profesa alisimama mlangoni.

"Mama," akasema Daktari, "nieleze tu. Siku hiyo ilikuwaje?"

"Nilikuwa napiga pasi. Nikasikia."

"Ukasikia nini, neno kwa neno?"

"Kwamba kikundi kimevunjika kwa sababu ya mtu kung'ang'ania kuomba mbele ya wageni."

"Huyo mtu alitajwa?"

Mama akaweka sawa mkoba wake mapajani. "Alitajwa."

"Kwa jina lake?"

"Alisema, Mapazia."

Upepo ukaingia, karatasi moja ikainuka, Daktari akaikalisha kwa tufaha.

"Kumbe alitumia jina la utani," akasema.

Wale wenzake wawili waligundua ghafla kwamba viatu vyao vina mambo mengi ya kutazama.

"Mama yangu, nisikilize bila kukasirika," Daktari akaendelea. "Mimi naomba kila asubuhi kabla sijafungua mlango huu. Na kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni kumsingizia Mungu. Kama kweli ni Yeye amesema, napiga magoti hapa hapa, na tasnifu tuitupe, maana jibu limeshatoka kwa mwenye majibu. Kama umesema wewe, hakuna ubaya hata kidogo. Wewe ni mshiriki namba saba, una haki ya kusema unavyoona, chukua kalamu usaini. Lakini Yeye simpangi foleni moja na namba nane na namba tisa."

Akamsogezea fomu mpya. Mama aliitazama kama anayepewa hati ya polisi. Aliikunja mara nne, akaitia mkobani.

"Nitaomba kwanza."

"Ijumaa saa sita, mama."

"Mungu hana haraka."

"Msajili anayo," akasema Daktari Wino, kwa masikitiko ya kweli.

*

Jumatano Profesa alishinda mezani na sura ya nne. Alijaribu kuiandika bila ile sentensi. Ikawa shetani ameingia, shetani amevuruga, shetani ametoka. Alijaribu kuiandika na ile sentensi bila mabano, akaona haina mwenyewe. Akaenda kwenye ukurasa wa shukrani na kumwandikia Mungu ukurasa mmoja na nusu, akakumbuka kanuni ni nusu ukurasa, akapunguza mpaka akajisikia anamkata Mungu kama mama anavyokata suruali.

Baba alipita na spana mkononi. "Huko kwenye shukrani yuko wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako, baba."

"Basi sioni analalamikia nini. Mimi mwenyewe wa ngapi?"

"Wa nne."

Baba akasimama. "Wa tatu nani?"

"Kaka wa fotokopi. Mashine iliharibika akakaa nami siku nzima."

"Sawa," akasema baba, na akaenda zake polepole, spana imelegea mkononi.

Peke yake, Profesa akainamisha kichwa akaomba. Hakuomba kitu kikubwa. Aliomba tu kujua kama anamkana mtu. Alipofumbua macho, ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa pale pale mbele yake, akausoma kama vile umeandikwa na mwanafunzi mwingine. Mtu kung'ang'ania kuomba mbele ya wageni. Aliahidi sifa zimrudie Mungu. Hebu sasa, hii nayo ni sifa? Hii ilikuwa umbea wa mtaani, tena wa kutaja mtu, naye ameubeba mpaka chuo kikuu akaubandika jina la Mungu ili asiulizwe. Aliona aibu ikimpanda kuanzia shingoni. Akakata yale mabano kwa kalamu, mstari mmoja, na hakuna radi iliyopiga.

Lakini mstari haukuwa saini ya mama. Alikwenda chumba cha cherehani. Mama alikuwa anafumua mshono wa gauni la mteja, gauni ambalo Profesa alijua halikuwa na kasoro.

"Mama, nimemtoa."

"Nimekusikia ukikata. Kalamu yako ina kelele." Akaendelea kufumua. "Unaikumbuka ile Jumapili alipokuja mchungaji mgeni, na wale wageni wake wa kamera?"

"Nakumbuka."

"Ilikuwa zamu yangu kuomba. Niliandaa wiki nzima. Niliandika, mwanangu. Kurasa mbili, mbele na nyuma. Nikajifungia humu nikawa naisoma, na baba yako akidhani nina mteja. Siku ikafika, Mama Mapazia akapewa kufungua tu. Kufungua. Akaomba dakika kumi na nane. Aliombea mataifa, akaombea mvua, akaombea vyombo vya kamera visipate hitilafu. Alipomaliza, mchungaji akasema muda umekwisha. Karatasi yangu ilikuwa mkononi imelowa jasho."

Profesa akakaa kwenye kigoda. Hakuwahi kuisikia habari ya karatasi.

"Nikarudi nyumbani, wiki hiyo hiyo tukagawanyika, nikapiga pasi nguo za watu kwa hasira mpaka nikaunguza kola. Ndipo nikasikia sauti." Mama akauma uzi, akautema. "Ilikuwa sauti yangu. Nimeomba tangu jana nikitumaini itakuwa ya mwingine, lakini naijua. Ilikuwa na hasira yangu, ina mpaka kikohozi changu. Ila ukisema Bwana kasema, hakuna anayekuuliza wewe ulikuwa na nini moyoni."

"Sasa, mama, utasaini?"

"Sitasaini yale, kwa sababu hata hayo si kweli yote. Lete kalamu. Andika, kikundi kilivunjika kwa sababu namba saba alimwonea wivu namba nane." Akafikiri. "Na kwa sababu namba nane aliomba dakika kumi na nane. Hiyo usiitoe."

Akasaini. Sahihi yake ilikuwa imenyooka kama mshono.

*

Ikabaki kuwasomea wote kumi na wawili, na ili wawe kumi na wawili lazima Mama Mapazia aingie nyumba ambayo hakuikanyaga mwaka mzima. Alhamisi asubuhi Profesa alikwenda dukani kwake. Mama Mapazia alimwona, akaendelea kumpimia mteja kitambaa, akakipima mara ya pili, kisha ya tatu ili Profesa angoje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka pazia?"

"Nataka saini, mama. Lazima tukutane nyumbani leo saa tisa, niwasomee nilichoandika. Bila saini yako sitahitimu."

"Bila saini yangu mimi?" Mama Mapazia akaweka futi chini. Habari hiyo ilionekana kumkaa vizuri. "Na huyo mama yako anajua kwamba mtoto wake hahitimu bila saini yangu?"

"Anajua."

"Kasema nini?"

"Kasema niseme tafadhali."

Mama Mapazia akasema Alhamisi ni siku yao ya maombi, na ikawa hivyo tu, hakusema ndiyo wala hapana. Profesa alirudi nyumbani roho mkononi.

Saa tisa wakaja. Wote sita wa dukani kwa mkupuo mmoja, Mama Mapazia mbele. Viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa duara, lakini wanawake walikaa sita upande huu na sita upande ule, na duara likawa mistari miwili inayotazamana. Baba alijifungia jikoni. Mama alikaa karibu na mlango wa chumba cha cherehani, kama mtu anayetaka pa kukimbilia.

Profesa akasimama katikati na ukurasa wa arobaini na moja mpya. "Nawasomea. 'Washiriki kumi na mmoja wanasema kikundi kilivunjwa na shetani.'"

"Amina," wakasema kadhaa, pande zote mbili, halafu wakatazamana kwa kushtuka kwamba wamekubaliana.

"'Mshiriki namba saba anasema kikundi kilivunjika kwa sababu alimwonea wivu namba nane, aliyeomba dakika kumi na nane siku ya mgeni, wakati zamu ilikuwa ya namba saba.'"

Hakuna aliyesema amina.

"Namba saba ni nani?" akauliza Mama Mapazia.

"Kanuni hainiruhusu kusema, mama."

"Mimi ndiye namba nane, najua. Namba saba ni nani?"

"Ni mimi," akasema mama, na akasimama, kwa sababu alifundishwa kusimama anapotoa ushuhuda. "Niliwaambia watu Bwana kanionyesha. Hakunionyesha kitu. Nilikuwa na hasira, nikazipa jina lake. Naomba mnisamehe, na wewe hasa."

Mama Mapazia alimtazama. Profesa alimtazama Mama Mapazia, na karatasi ya saini iliyokuwa juu ya meza, tupu mbele ya namba nane, na akajikuta haombi wala hapumui.

"Zilikuwa kumi na mbili," akasema Mama Mapazia.

"Kumi na nane. Nilikuwa na saa."

"Kumi na mbili. Na ile sala ya karatasi ilikuwa ya nini? Tangu lini sisi tunaomba kwa kusoma?"

Mama akapepesa macho. "Nani kakwambia habari ya karatasi?"

Mstari wote wa Mama Mapazia ukamgeukia Mama Mapazia. Alifungua mkoba, akafunga.

"Niliiona," akasema.

"Ulikuwa umefumba macho."

"Nilifumbua moja."

"Sasa kama uliiona..."

"Niliiona, nikajua ni zamu yako, nikaendelea." Aliyasema haraka, kama anayeng'oa plasta. "Kamera zilikuwa zimewaka. Mvua nayo nilikuwa sijaiombea." Akamgeukia Profesa kwa ukali wa mtu anayetaka jambo liishe. "Wewe. Mimi niliandikisha shetani. Naweza kubadilisha?"

"Unaweza, mama, kabla ya kusaini."

"Andika, namba nane alifumbua jicho moja, akamwona namba saba na karatasi yake, na akaendelea kuomba. Dakika kumi na mbili."

"Kumi na nane," akasema mama.

"Andika kumi na tano," akasema Mama Mapazia, akachukua kalamu, akasaini.

Baada ya hapo shetani alianza kupoteza kura. Namba nne akasema, kwa kuwa tunasema ukweli, yeye alihama kwa sababu viti vya dukani vina mito. Namba kumi akasema yeye alimfuata namba nne. Yule wa chumvi akakiri kwamba hata leo hajui waligombania nini, alikaa upande ule uliokuwa karibu na mlango. Profesa aliandika mpaka mkono ukamuuma, na kila aliyemaliza kusema alisogea mezani kusaini. Ilipofika saa kumi na moja shetani alikuwa amebaki na kura tatu, na karatasi ilikuwa na saini kumi na mbili. Profesa alizihesabu kwa kidole, akazihesabu tena, kisha akaikunja karatasi ile taratibu na kuiingiza kwenye bahasha ya Daktari Wino, na ndipo alipokaa chini kwa mara ya kwanza tangu saa tisa.

Wanawake wakaanza kutafuta mikoba na viatu. Mistari miwili ilikuwa imevurugika, huwezi tena kujua nani ni wa Jumanne na nani wa Alhamisi. Mama akapiga makofi mawili madogo.

"Jamani, tusiondoke hivi hivi. Mmoja wetu atufungie kwa sala."

Wote wakasimama. Wakashikana mikono, Mama Mapazia mkono mmoja kwa mama na mwingine kwa yule wa chumvi. Vichwa vikainama. Macho yakafumbwa, yote mawili mawili. Mama akamngoja Mama Mapazia. Mama Mapazia akamngoja mama. Wengine wakawangoja wote wawili, na chumba kikawa kimya mpaka ikasikika saa ya ukutani.

"Yeyote tu," akasema mama. "Hata fupi."